Antena nne, hewa ileile: maswali yenu kuhusu mitandao ya meshi

Barua za safari hii nyingi zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinazungukia jambo moja. Watu wamefunga ruta zinazopokezana intaneti nyumba kwa nyumba bila mnara wala waya, yaani mtandao wa meshi. Kasi inapopungua wanaambiwa waongeze antena, wanaongeza, na kasi haiji kama walivyotegemea. Tumechagua barua sita.

Tumefunga ruta kwenye nyumba sita Kibosho, zinazofuata ile nyumba yenye faiba kule barabarani tukipanda juu, kila moja mita 200 hivi kutoka kwa mwenzake. Ruta zikiwa za antena moja, nyumba ya kwanza ilipata megabiti 34 kwa sekunde na ya sita 5. Tukanunua za antena mbili, boksi limeandikwa 300. Sasa ya kwanza inapata 62, ya sita 9. Hiyo 300 iko wapi? — Mwalimu, Kibosho

Mwalimu, tuanze na hiyo 300. Ni kasi ya mikondo miwili ya data, mmoja kwa kila antena, kwenye chaneli yenye upana wa megahezi 40. Kwenye gigahezi 2.4, ambako nafasi ni finyu, chaneli ya busara ni ya megahezi 20, na hapo mikondo miwili hufika 144, mmoja 72. Hata hizo ni kasi za hewani. Ukitoa muda wa ruta kusubiriana na muda wa kujibu kwamba kila pakiti, yaani kifurushi cha data, imefika, kinachobaki mkononi ni karibu nusu. Kwa hiyo 62 yako ni kipimo kizuri. Ruta hazina ubovu.

Sasa gawa 34 kwa 7 (sababu ya 7 inakuja), utapata karibu 5. Gawa 62 kwa 7, utapata karibu 9. Antena ya pili imeongeza kasi ya kila mruko, yaani kutoka ruta moja hadi inayofuata, lakini mgawanyo umebaki palepale.

Ninyi wa mlimani mnaujua mfongo, mfereji wa maji: maji yakiwa kwenye kihamba (shamba) cha jirani, wewe unasubiri zamu. Chaneli moja ya redio ni mfongo mmoja. Ruta ya 4 inapoirushia ya 5, ya 3 haiwezi kuirushia ya 4, kwa sababu redio haisikii huku inasema. Ya 2 nayo haiwezi kuirushia ya 3, maana ya 3 inamsikia wa 4 akipiga kelele karibu yake. Hata ya 1 inakwama mara nyingi, kwa kuwa mawimbi huvuruga mbali kuliko yanavyoeleweka: ruta ya 2 haielewi anachosema wa 4, ila kelele zake zinatosha kuharibu kile anachotumiwa. Ndiyo maana mnyororo mrefu wa chaneli moja, hata ukipangwa kwa ustadi wote, hubakiwa na robo ya kasi ya mruko mmoja. Mwaka 2001 Jinyang Li na wenzake wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walionyesha kwamba ruta za kawaida za 802.11, yaani za Wi-Fi, zinazosikiliza kwanza ndipo ziseme, hazifiki hata hiyo robo. Zinaangukia kwenye sehemu moja ya saba. Ruta ya mwanzo ina washindani wachache, hivyo inasukuma pakiti nyingi kuliko ruta za katikati zinavyoweza kupeleka mbele, na nyingi zinafia njiani baada ya kuwa zimeshatumia hewa.

Dawa ni kupunguza miruko. Weka kiungo cha moja kwa moja cha gigahezi 5, chenye antena za mwelekeo pande zote mbili, kutoka nyumba ya faiba hadi nyumba ya 4, mita 800. Nyumba ya 1 na ya 2 ziendelee kula kutoka barabarani kwenye chaneli 1 ya gigahezi 2.4. Nyumba ya 3, 5 na 6 zile kutoka nyumba ya 4 kwenye chaneli 11. Hapo hakuna nyumba iliyo zaidi ya miruko miwili kwenye hewa ya 2.4, na nyumba ya 6, ikitumia peke yake, itegemee megabiti 30 hivi. Wakitumia wote kwa pamoja, watagawana.

Kabla hujanunua chochote, pima. Kwenye kompyuta iliyochomekwa kwa waya nyumba ya faiba washa programu ya kupima kasi, iperf3 -s. Kisha nenda kila nyumba na kompyuta ya pili, nayo uichomeke kwa waya kwenye ruta ya hapo, uendeshe iperf3 -c na anwani ya ile ya kwanza, ukiongeza -t 30 ili ipime sekunde 30. Rudia mara tatu saa 2 usiku watu wakiwa mtandaoni, na mara tatu saa 11 alfajiri. Nyumba ya pili ikipata karibu nusu ya ya kwanza, hiyo ni zamu tu ya hewa. Ikipata chini sana ya nusu, kiungo hicho chenyewe ni kibovu: angalia nguvu ya ishara kwenye ukurasa wa ruta. Tungependa isiwe dhaifu kuliko −65 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara; namba ikiwa karibu zaidi na sifuri, ishara ni kali zaidi).

Mvua za masika zikianza intaneti yetu inalegea, zikikatika inarudi. Mvua inaziba mawimbi? — Mama mwenye duka, Marangu

Shikamoo mama. Kwa gigahezi 2.4 na 5, kwenye masafa ya kilomita moja au mbili, mvua yenyewe haichukui kitu cha kuhisiwa. Kinachochukua ni majani yaliyolowa. Jani la mgomba limejaa maji hata wakati wa kiangazi, na likilowa nje linazidi. Migomba mitatu minne ikiwa kati ya antena mbili, ishara inaweza kuwa inafika kwa shida tangu mwanzo, na mvua inaimalizia tu. Tena mgomba unakua: njia iliyokuwa wazi mwezi wa kwanza unaweza kuikuta imezibwa mwezi wa tano. Pandisha antena ipite juu ya majani. Kuongeza nguvu ya kurusha hakutasaidia sana, na kutawasumbua majirani. Kagua pia viungio vya kebo. Kama havikufungwa kwa utepe wa mpira usiopitisha maji, maji huingia ndani na tatizo halitaisha mvua ikikatika.

Nina kiungo cha kilomita 2 Njiro, gigahezi 5.8, pande zote zinaonana. Nimefunga antena mbili kila upande, zote wima, zimeachana sentimita 10. Ruta inaonyesha mkondo mmoja tu. Nimebadilisha ruta, bado. — Fundi, Njiro

Fundi, ruta haina kosa. Mikondo miwili huhitaji antena za kupokea zione tofauti kati ya antena za kurusha. Ndani ya nyumba mawimbi yanagonga kuta na makabati na kufika kwa njia nyingi, hivyo kuziachanisha antena nusu ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 2.6 kwenye 5.8, hutosha. Kwako hakuna kuta. Wimbi linakuja moja kwa moja, na kwa umbali wa kilomita 2 antena zako mbili zinaonekana kama kitu kimoja.

Kuna hesabu yake. Kwa antena mbili kwa mbili zinazoonana, zidisha mwachano wa upande mmoja kwa mwachano wa upande wa pili. Jibu linatakiwa lifikie urefu wa wimbi mara umbali, gawa kwa 2. Wimbi la 5.8 ni mita 0.0517. Mara 2,000, gawa kwa 2, unapata 51.7. Kipeuo chake cha pili ni mita 7.2. Yaani ungehitaji milingoti miwili iliyoachana mita 7 kila upande. Mwenye nyumba hatakubali.

Njia rahisi ni kuilaza antena moja. Mkondo mmoja uende wima, mwingine mlalo, na antena nyingi za dishi za siku hizi zina vyote viwili ndani ya kichwa kimoja. Hakikisha kila upande una wima mmoja na mlalo mmoja. 

Ukiwa juu ya mlingoti, kagua nafasi ya wazi pia. Katikati ya kilomita 2 kwenye 5.8, mawimbi yanahitaji uwazi wa mviringo wenye nusu kipenyo cha mita 5.1, na angalau asilimia 60 ya hiyo, mita 3, isiwe na paa wala mti. Macho kuonana hakutoshi. Na kama ruta yako iko chini huku antena ziko juu, kebo nyembamba ya koaksiali aina ya RG-58 inakula karibu desibeli 1 kwa kila mita kwenye 2.4, na zaidi kwenye 5.8. Kwa mita 10 umepoteza sehemu tisa kati ya kumi za nguvu yako. Panda na redio juu, ushushe kebo ya data. Masharti ya nguvu ya kurusha ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko hapohapo Arusha.

Nimefundishwa kwamba uwezo wa kila nodi, yaani kila ruta ya mtandao, hupungua nodi zikiongezeka, lakini pia kwamba antena nyingi huongeza uwezo kwa idadi yake. Lipi linashinda? Na nimesoma kwamba nodi zikishirikiana kama antena moja kubwa, upungufu unaisha. — Mwanafunzi, Tengeru

Yote mawili ni kweli, na kushinda kunategemea lipi linakua upesi. Mwaka 2000 Piyush Gupta na P. R. Kumar walithibitisha kwamba kwenye mtandao wa nodi n zilizotawanyika ovyo, kila moja ikimtafuta mwenzake yeyote, fungu la kila nodi hupungua kwa kipeuo cha pili cha n mara logi ya n. Sababu ni ileile ya mwalimu wa Kibosho. Nodi zikiwa nyingi miruko inaongezeka, na kila nodi inatumia sehemu kubwa ya muda wake kubeba mizigo ya wengine.

Antena zinaingia kwa mlango mwingine. Emre Telatar na Gerard Foschini, miaka ya 1990 wakiwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, walionyesha kwamba kiungo chenye antena m kila upande, kwenye mazingira yenye njia nyingi za mawimbi, kinaweza kubeba karibu mara m. Kwa hiyo antena zinainua mstari mzima wa grafu bila kuubadili umbo. Tukiiacha logi pembeni, nodi zikiongezeka kutoka 25 hadi 100, fungu la kila mmoja linakuwa nusu, na antena zikiongezwa maradufu zinalirudisha. Zikifika 400 unahitaji antena mara nne za mwanzo, kwenye kila nodi. Mtaa unakua haraka kuliko mifuko ya watu.

Hilo la ushirikiano ni kazi ya Ayfer Özgür, Olivier Lévêque na David Tse ya mwaka 2007, na ni kazi nzuri mno: vikundi vya nodi vinabadilishana data kwanza, kisha vinarusha pamoja kama antena moja kubwa, na fungu la kila nodi karibu lisipungue. Massimo Franceschetti na wenzake mwaka 2009 wakakumbusha kwamba fizikia nayo ina ukomo wake: idadi ya njia huru haiwezi kuzidi upana wa eneo ukigawanya kwa urefu wa wimbi, zaidi au pungufu kidogo. Fanya hesabu ya mtaa wako. Eneo la kilomita 1 ya mraba, wimbi la 2.4 lenye mita 0.125: 1,000 gawa kwa 0.125 ni 8,000. Kwa nodi 100, ukomo huo uko mbali sana, wala usikusumbue.

Kinachokukwamisha ni saa. Ili nodi mbili zirushe kama antena moja, mawimbi yao lazima yaende sambamba. Kwenye gigahezi 2.4 wimbi moja linapita kwa nanosekunde 0.42, na kukosea hata robo ya hapo kunaharibu kazi. Kioo cha kwatzi ndani ya ruta ya kawaida kinaruhusiwa na kanuni za 802.11 kukosea sehemu 25 kwa milioni kwenye bendi hiyo. Kwenye 2.4 hiyo ni kilohezi 60, yaani ruta mbili zinaweza kupishana makumi ya maelfu ya mawimbi kila sekunde. Kuzirekebisha inawezekana maabara, kwa ujumbe mwingi wa kusawazisha, na ujumbe huo nao unakula hewa. Ukitaka mada ya utafiti, hapo pana kazi.

Chama chetu kina nyumba 40 na lango moja la intaneti. Tumeshauriwa tununue ruta za antena nne kwa kila nyumba. Tufanye hivyo? — Katibu, Ngaramtoni

Hapana, katibu, na tunaomba mlisome jibu hili kabla hela ya wanachama haijatoka.

Matokeo tuliyomweleza mwanafunzi wa Tengeru yanahusu watu wanaotafutana ovyo. Nyumba zenu hazitafutani. Zote 40 zinataka mahali pamoja, langoni. Kila pakiti ya kijiji inapita kwenye hewa ya lango, hivyo fungu lenu linapungua kwa 40 yenyewe wala si kwa kipeuo chake. Lango likiweza megabiti 60, wote wakiwasha pamoja na kila nyumba ikiwa mruko mmoja, kila nyumba inapata 1.5. Nyumba nyingi zikiwa miruko mitatu, na miruko yote mitatu ikigombea hewa ileile karibu na lango, mnabakiwa na nusu megabiti. Antena za nyumbani zinaongeza kasi ya mruko pale tu ambapo lango nalo lina antena za kuzipokea na ishara ni nzuri.

Hilo la ishara nzuri husahaulika. Nguvu ya kurusha ni moja, mikondo inaigawana. Kwa kanuni ya Shannon, inayotoa ukomo wa kasi ya kiungo, kiungo ambacho ishara yake ni mara 1,000 ya kelele, desibeli 30, kikigawanywa mikondo miwili kinapata mara 1.8. Ishara ikiwa mara 10, kinapata mara 1.5. Ishara ikilingana na kelele, faida ni asilimia 17 tu. Na kwenye meshi kelele kubwa ni majirani wenyewe, kwa hiyo nyumba nyingi za katikati ya kijiji zipo kwenye hali hii ya mwisho kuliko ile ya kwanza.

Antena za ziada zina kazi bora zaidi ya kuongeza mikondo. Mpokeaji mwenye antena nne anaweza kupokea mkondo mmoja na kuwazima wasumbufu watatu, kwa kuzijumlisha ishara za antena zake kwa mizani inayowafuta. Nihar Jindal, Jeffrey Andrews na Steven Weber walionyesha kwamba mrushaji akitumia mkondo mmoja tu, na mpokeaji akagawa antena zake, nyingine za kuzima majirani wa karibu na nyingine za kuinua ishara anayoitaka, basi idadi ya viungo vinavyoweza kusema pamoja katika eneo moja inakua sambamba na idadi ya antena za kupokea. Hilo ndilo tungelitaka Ngaramtoni. Kwa bahati mbaya ruta za dukani hazifanyi hivyo kwa majirani wasiozungumza nazo. Zikisikia mtu anasema, zinanyamaza, hata kama zingeweza kumzima.

Kwa hiyo zima majirani kwa umbo la antena. Pale langoni wekeni antena tatu za sekta, nyuzi 120 kila moja, kila moja na redio yake na chaneli yake ya gigahezi 5, mkitenganisha chaneli kwa megahezi 40 au zaidi na antena kwa mita 1 au zaidi mlingotini. Hewa ya lango imekuwa mara tatu. Kwenye nyumba, antena moja ya mwelekeo yenye mlalo na wima, iliyolenga lango. Antena ya nyuzi 60 inamwona mtu mmoja kati ya sita walioizunguka. Mrushaji na mpokeaji wote wakiwa nazo, nafasi ya viungo viwili kuvurugana ni 1 kati ya 36 kwa hesabu ya karatasini. Mlingotini ni mbaya zaidi ya hapo, kwa kuwa kila antena huvuja kidogo pembeni na nyuma.

Antena za mwelekeo zina ugonjwa wake, mjiandae nao. Nyumba mbili zinazolenga lango hazisikiani, hivyo kila moja inadhani hewa iko wazi na zote zinarusha pamoja. Washeni RTS/CTS, ambapo nyumba inaomba ruhusa na lango linatangaza zamu, au bora zaidi tumieni ruta ambazo programu yake inagawa zamu za muda kutoka langoni. Ruta hizo zote ziwe za mtengenezaji mmoja, kwa sababu zamu hizo haziafikiani kati ya kampuni na kampuni.

Zile nyumba zisizoona lango kabisa, labda tano au sita, ndizo zipate meshi, na kwa mruko mmoja tu kutoka kwa jirani anayeliona. Fedha itakayobaki iingie kwenye lango la pili upande wa pili wa kijiji.

Shule yetu ya juu ya Machame inapokea video za masomo kutoka Moshi mjini kwa meshi, zinachukua siku. Kijana wa bodaboda anapanda kila asubuhi. Ni upuuzi kumpa flashi? — Mkuu wa shule

Si upuuzi hata kidogo. Flashi ya gigabaiti 32 ni megabiti 256,000. Ikifika baada ya saa moja, ni wastani wa megabiti 71 kwa sekunde, na hakuna jirani aliyenyimwa zamu ya hewa. Matthias Grossglauser na David Tse, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walithibitisha jambo hilohilo kwa hesabu: nodi zikitembea na zikakubali kubeba data hadi zikutane na mwenyewe, fungu la kila moja halipungui hata nodi zikiwa nyingi. Gharama yake ni kuchelewa.

Video zipande kwa bodaboda. Meshi ibaki na barua pepe, matokeo na simu za video. Tumieni flashi mbili za kupokezana, moja ikipanda nyingine ikishuka. Mjini, kabla ya kunakili, tengenezeni orodha ya faili pamoja na alama ya sha256sum ya kila moja (namba inayobadilika faili ikiharibika), muirushe kwa meshi, ambako ni kilobaiti chache tu. Shuleni mkague alama hizo kabla ya kufuta flashi, maana flashi za bei rahisi huonyesha ukubwa zisio nao na huharibu faili za mwisho kimyakimya. Iumbizeni flashi kwa mfumo wa faili wa exFAT. FAT32 haikubali faili moja inayofika gigabaiti 4.